Ngozi mbichi ilivyonyamazisha mshipa wa mchunaji wa Bunda

Jua bado halijapanda juu ya vilima vya Bunda, na tayari Machage Clementi ameinamia ng'ombe wa pili. Kisu kiko mkono wa kushoto. Kinasita, kinateleza, kinarudi pale kilipotoka. Wenzake wameshaviringisha ngozi zao na wananawa mikono, wakimtazama kwa huruma iliyochanganyika na uchokozi.

"Taratibu, baba Naomi," Amini, mchinjaji wa hapa, anamwambia huku akimwaga maji sakafuni. "Unamchuna au unampiga risasi?"

Kicheko kinapasuka. Machage naye anacheka, maana machinjioni ukinuna umejiongezea utani. Kisha anaiinua ile ngozi, na mwanga wa asubuhi unapenya kwenye matundu matatu. Mnunuzi ataichukua, lakini ataitupa kwenye rundo la zile mbovu, na ujira wa Machage, shilingi elfu nne kwa ng'ombe, utakatwa nusu.

Hakuwa hivi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Machage, mkazi wa Kabasa mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alikuwa ndiye mtu wa kutafutwa mnunuzi akitaka ngozi isiyo na mkwaruzo. Vijana waliletwa wasimame nyuma yake waangalie kisu kinavyolala.

"Nilikuwaga nachuna huku naongea na simu," anasema. "Ngozi inatoka kama mtu anavua shati."

Wakati huo alitumia mkono wa kulia. Mkono huo bado upo, mzima kabisa, wala hauumwi. Ila siku hizi anautunza kama nguo ya sikukuu. Haubebi ndoo, haushiki kisu, hauchomwi sindano. Hospitalini Musoma kila muuguzi anayemhudumia anajua kwamba mkono wa kulia wa Machage hauguswi.

Sababu ni kwamba huo ndio mkono wake wa mwisho. Wa kushoto aliuua mwenyewe. Neno hilo ni lake, na akilitamka hapunguzi sauti.

Figo zake zilianza kufa bila kelele. Miaka ya nyuma, watu wa afya walipopiga hema karibu na soko la Bunda, alijipitisha apimwe kwa kuwa ilikuwa bure. Mpimaji akatazama namba, akamfunga tena ule mpira wa presha, akatazama tena. Akamwambia aende hospitali siku hiyohiyo.

Hakwenda. Mtu anayebeba paja la ng'ombe begani kama mtoto, presha inamhusu nini? "Nilijua presha ni ugonjwa wa watu wa maofisini," anasema. "Wanaokaa kwenye kiti wanakunywa soda."

Presha haikumsubiri abadili mawazo. Mwaka baada ya mwaka damu iligonga vijishipa vya figo kwa nguvu ambayo havikuumbiwa, ikiuchakaza utando laini wa ndani, mpaka vikawa vigumu na vyembamba. Asubuhi moja alishindwa kuingiza miguu kwenye mabuti ya kazi. Alipofika hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimeshaaga.

Tangu hapo damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Huondoka Bunda na basi la asubuhi, hulala kitandani Musoma kwa muda wa saa nne huku damu ikitoka na kurudi, halafu hurudi Kabasa akiwa hana hata nguvu ya kumkemea kuku. Siku zisizo za mashine, anachuna. Yuliana, mkewe, anauza dagaa na nyanya mbele ya nyumba, na binti yao Naomi yuko kidato cha tatu. Hakuna aliyekaa bure.

Sasa, mashine ile haikubali mshipa wowote tu. Inataka mshipa mnene, wenye damu nyingi inayokwenda kasi. Mishipa inayoonekana chini ya ngozi ya mkono ni ile inayorudisha damu moyoni, na humo damu hutembea polepole. Kwa hiyo madaktari wa Mwanza walimpasua kidogo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, wakaushika mshipa mmoja wa kurudisha, wakaushonea ubavuni mwa ule unaoleta damu kutoka moyoni.

Hospitalini wanaiita fistula. Jina hilo lilimletea Machage balaa lake peke yake, kwa kuwa mtaani watu wanalijua kama tatizo la akina mama waliopata shida ya uzazi. Habari ilipofika machinjioni, wanaume walikaa siku nzima wakiulizana mwenzao amejifungua lini. Yuliana akalipiga marufuku nyumbani. Akaamuru uitwe mshipa wa Mwanza, na mpaka leo hilo ndilo jina.

Mshipa wa Mwanza ulikua. Mwanzoni ulikuwa kama uzi, kisha kama kamba, kisha ukatuna chini ya ngozi hadi mtoto wa jirani akaugusa na kukimbia. Ukiweka kiganja juu yake ulikuwa unatetemeka bila kupumzika. Ukiweka sikio, ulikuwa unavuma kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka nyumba ya tatu.

"Nilikuwa nalala na sikio hapo," anasema Yuliana, kisha anacheka akiangalia pembeni. "Mtu mzima mimi. Nikisikia unavuma najua huyu mwanaume kesho yupo."

Safina ndiye muuguzi aliyemfundisha Machage kuuangalia mshipa huo. Ni mwanamke mfupi wa Musoma mjini, mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha ghafla, na wagonjwa wote wa kitengo chake humwita sista.

"Watu wanafikiri mshipa ni bomba," anasema. "Bomba halijui maji yanapitaje. Mshipa unajua."

Anaeleza kwamba ndani ya kila mshipa kuna tabaka moja la seli tambarare, jembamba kuliko utando wa yai, na damu inalisugua muda wote mtu anaoishi. Damu ikipita vizuri, kwa nguvu na kwa kuelekea upande mmoja, seli hizo hujinyoosha na kulala zikiufuata mkondo. Zikishatulia hivyo hutoa kemikali inayoulegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Mkondo ukiongezeka, kama ulivyoongezeka kwa Machage baada ya kushonwa, seli ndizo zinazousukuma mshipa upanuke mpaka ukali wa ule msuguano upungue. Kutuna kwa mshipa wa Mwanza ilikuwa kazi yao.

"Lakini damu ikianza kuzunguka palepale, au ikapungua kasi, zile seli zinavurugika," anasema Safina. "Zinasahau mpangilio. Zinaanza kunata. Ukuta unanenepa kwa ndani, damu inaganda. Hizo seli, baba, zinaishi kwa kuguswa na damu inayokwenda. Ukiinyima njia, umeziua."

Ndiyo maana alimpa masharti. Asiulalie mkono ule. Asibebe mzigo nao. Asipimwe presha hapo. Asivae bangili, saa, wala nguo yenye lastiki ya kubana. Machage alivua saa yake siku ileile, akampa Naomi.

Saa alivua. Kilichokuja baadaye hakukiita saa wala bangili, na hapo ndipo alipojidanganya.

Machage alizaliwa kijijini, wilaya ya Butiama. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata kutembea vizuri, na aliyemlea ni dada wa baba yake, Nyangi, mwanamke ambaye hakupata mtoto wake na ambaye alimbeba mgongoni mpaka watu wakaanza kumsema. Alimpeleka ubatizo, akamlimia ada ya shule, akamposea Yuliana. Jumapili huyu bibi hakosi misa, na rozari yake haiachi shingo. Na mtu wa ukoo wao akipona, ni yeye anayemfunga ngozi.

Desturi yenyewe ni ya ukoo huo, na Nyangi ndiye mwenye mkono wake siku hizi. Mbuzi huchinjwa asubuhi. Kwenye ngozi ya kifua hukatwa ukanda mwembamba, ukiwa bado na joto na manyoya, na katikati yake huchanwa tundu. Aliyepona huingiza mkono kwenye tundu hilo, na ukanda hushuka mpaka kwenye kifundo. Hufungwa upande ulioumwa. Haukatwi. Mtu huuvaa mpaka uchakae udondoke wenyewe, na siku ukidondoka ugonjwa nao unahesabiwa umedondoka.

Shangazi aliposikia kwamba mshipa wa Mwanza umekubali, hakuuliza mtu. Alitoa mbuzi wake. Machage na Yuliana waliitwa Butiama, ndugu wakajaa uani, na bibi akashika ule ukanda unaochuruzika akamwambia mwanawe alete mkono.

"Nikaleta wa kulia," anasema Machage. "Akasema siyo huo, mimi sijazeeka kiasi hicho. Lete ulioumwa."

Akaleta wa kushoto. Ukanda ukashuka, ukatua juu ya kovu. Vidole viwili viliweza kupita chini yake, akajiambia nafasi ipo.

Katika wilaya nzima hakuna aliyejua habari za ngozi mbichi kuliko yeye. Ndiye anayesokota kamba za ngozi za kukazia mipini ya majembe. Anajua kwamba unaufunga mpini kwa ngozi iliyolowa, unauanika, na ikikauka huwezi kuupenyeza hata ukucha. Amefanya hivyo tangu ujana.

"Ningekuwa sijui ngozi, ningejisamehe," anasema. "Ningesema nilidanganyika. Lakini mimi ngozi ndiyo kazi yangu. Nilijua inabana. Nikasema nitakuwa nailoweka."

Akawa anailoweka. Kila asubuhi alichovya kifundo kwenye beseni kabla ya kwenda kazini, na ukanda ukawa unalegea. Lakini siku hizo kazi yake kubwa, kwa kuwa mkono wa kushoto haukutakiwa kubeba, ilikuwa kupaka ngozi chumvi. Chumvi ya ngozi hunyonya maji yote inayokutana nayo, hiyo ndiyo kazi yake. Ikaingia kwenye manyoya ya ukanda, ikakaa. Alichokilowesha asubuhi, chumvi ilikikausha kabla ya saa nne, tena ikakikaza kuliko jana.

Siku za kwenda Musoma alivaa koti. Sista Safina akamuuliza anasikia baridi gani na jua lote hili, akasema ana homa kidogo. Walimtoboa juu ya kiwiko, mbali na kifundo, na mashine ikafanya kazi. Koti alilishusha kutoka begani hadi kiwikoni tu, kifundo kikabaki kimefunikwa.

"Nilimwonea aibu," anasema. "Ningemwambia nimevaa ngozi ya mbuzi, angenionaje?"

Yuliana hakuonewa aibu, kwa hiyo yeye aliona. Ijumaa jioni, mumewe aliporudi kutoka Musoma, aliona kiganja kimevimba. Akaweka sikio mahali pake pa kila siku, akainua kichwa.

"Huu mlio siyo ule," anakumbuka kumwambia. "Ule ulikuwa unavuma. Huu unapiga mluzi."

Alikuwa amesikia sawasawa. Safina anaeleza kwamba njia ikibanwa, damu hupenya pale penye upenyo kwa kasi kubwa na kutoa sauti nyembamba, na ikishapita hujizungusha na kugeukageuka badala ya kwenda mbele. Seli za hapo hupigwa huku na huko, hazijui zilale upande gani. Na mshipa wote uliobaki, ule uliokwisha kuzoea mafuriko, sasa hupata kijito. Kuganda huanzia hapo.

Yuliana alileta mkasi wa nguo. Machage akautoa mkononi mwake, akauweka juu ya kabati.

Hakukataa kuukata ule ukanda. Alitaka tu ruhusa. Mwenye kuufunga ndiye mwenye kuufungua, na mwenye kuufunga alikuwa Butiama na kisimu chake kidogo ambacho akikizima ili kutunza chaji hukisahau. Machage akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena baada ya kula. Haipatikani. Akasema kesho, akasema Jumapili atakuwa ametoka kanisani atakuwa ameiwasha.

"Nilimwambia kata, nitamwomba msamaha mimi," anasema Yuliana. Haongei kwa ukali. "Akaniambia huujui ukoo wangu. Nikanyamaza. Mimi nami nina kosa la kunyamaza."

Jumapili asubuhi, kabla hajapiga simu nyingine, Machage aliweka mkono sikioni. Mara ya kwanza alidhani sikio limeziba. Akajikuna, akaweka tena. Akaweka la pili.

Jumatatu, Musoma, Safina alipandisha koti. Alichukua mkasi wa kukatia bandeji, akaukata ukanda mara moja, ukaanguka sakafuni ukiwa umeviringika na mgumu kama kipande cha kikapu. Chini yake kulikuwa na alama iliyozama, nyekundu. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia, akakisogeza, akakisogeza tena hadi kiwikoni.

"Sikumgombeza," anasema Safina. "Watu wanafikiri nilimgombeza. Nilitoka nikaenda nikakaa kwenye chumba cha dawa. Mshipa ule nilikuwa naupenda. Ulikuwa mzuri kuliko wote niliokuwa nao."

Daktari alijaribu alichoweza kujaribu, lakini damu iliyoganda ilikuwa imejaza njia yote hadi juu. Mshipa wa Mwanza ulikuwa umekwisha. Machage akawekewa mpira shingoni, na hadi leo damu yake inapitia humo. Mpira huo hautakiwi kulowa, kwa hiyo huoga kwa vipande, na shati lake halifungwi kifungo cha juu. Umeshamletea homa ya kutetemeka mara mbili, na mara ya pili Naomi alitolewa shuleni akaitwa hospitali, jambo ambalo hakuna mzazi analipenda.

Madaktari wamemwambia wazi kwamba mpira wa shingoni ni wa kuazima. Kilichobaki ni mkono wa kulia, na mshipa wake mmoja ulio mzuri. Ukishonwa na ukakomaa, ataishi nao. Ukifa kama ule mwingine, atabaki na mpira na homa zake mpaka ije ile itakayomshinda.

Hivyo mkono wa kulia unatayarishwa, na kisu kimehamia kushoto. Hilo ndilo linalomuuma Machage kwa namna ambayo hata Amini huacha utani akilisikia. Mkono alioua mshipa wake ndio sasa ulio huru kufanya kazi. Na haujui kazi.

"Unanikera," anasema, akiutazama. "Sasa hivi ndiyo unajifanya mzima."

Muulize analaumu nani, na jibu lake hubadilika kulingana na siku. Kuna siku hujilaumu yeye na koti lake. Kuna siku hulaumu simu. Kuna siku moja tu, jioni, baada ya mashine, alisema neno kuhusu shangazi, na Yuliana akamwangalia mpaka akalimeza.

Kwa maana shangazi hakuambiwa. Nyangi aliambiwa tu kwamba mshipa umechoka, kama vitu vinavyochoka. Akaridhika. Akazunguka kijijini akieleza kwamba kama si ngozi ile mwanawe angekwenda na mshipa wake, na watu wakakubali, kwa kuwa si alikuwa hai? Machage aliwakataza ndugu wote wasimwambie. Alisema bibi ni mzee, itamuua.

Uongo ule ungekaa hata miaka, ila upasuaji ukapangwa. Habari ikafika Butiama. Na Nyangi akatuma ujumbe kwamba mbuzi yupo, safari hii mweupe, na mkono wa kulia ufike ukishatoka Mwanza.

Jumapili mchana, Machage na Yuliana wanamkuta uani akimenya mihogo. Anawapokea kwa furaha, anamshika mwanawe uso kwa viganja vyenye utomvu, anauliza habari za Naomi, anaagiza uji. Machage anakaa kwenye kigoda. Uji unakuja, unapoa.

"Shangazi, mbuzi usimchinje," anasema.

"Kwa nini? Ana kasoro?"

"Hana. Ile ngozi, shangazi. Ile ya kwanza. Ilikauka ikabana mshipa. Damu ikakosa njia. Ndiyo iliyouua."

Kisu cha Nyangi kinasimama katikati ya muhogo. Kuku anapita, anadokoa ganda, hakuna anayemfukuza.

"Nani amekwambia?"

"Nimeiona mwenyewe."

"Nimekuuliza nani amekwambia. Ni hospitali?" Anamgeukia Yuliana. "Au ni huyu?"

"Mama, mimi sijasema kitu," anasema Yuliana.

"Hujasemaga kitu wewe, siku zote." Anaweka kisu chini. "Machage, nimewafunga watu wangapi hapa? Baba yako nilimfunga, akaishi mpaka akachoka. Nani ameoza mkono? Hao madaktari wamekukata mshipa wakauunga na mwingine kama watu wanaounga mpira wa bustani. Umewaona wanaunga bustanini? Haivujagi? Halafu kiungo chao kikiharibika, kosa ni la kambuzi kangu?"

Machage anajaribu kumweleza. Anasema zile seli, anasema mkondo, anatumia maneno ya sista, na kwa kila neno linalotoka anaona jinsi linavyokuwa geni katika ua huu. Hatimaye anaacha ya hospitali. Anamwambia la ngozi, kwamba yeye ni mtu wa ngozi, na kwamba alijua.

"Ulijua?" Nyangi anasema. Sauti yake imeshuka. "Ulijua inabana, na hukuniambia?"

"Nilipiga simu, shangazi."

"Siyo simu. Siku ile. Nimekushika mkono hapa, hapahapa. Ulijua, ukanyamaza, ukaniachia mimi nikufunge?"

Yuliana anatazama chini. Kati ya maneno yote yaliyosemwa mchana huu, hilo ndilo lililo kweli kuliko yote, na limesemwa na mtu ambaye bado hakubali kwamba ngozi iliua mshipa.

Nyangi anainuka, anajifuta mikono kwenye kanga. "Basi nenda mtupu," anasema. Anaingia ndani.

Wanasubiri atoke. Bibi huyu hajapata kumwacha mgeni aondoke bila kumsindikiza mpaka barabarani, hata mdai wa michango humsindikiza, akiongea naye njia nzima. Wanasimama uani muda mrefu. Mwisho wanaaga mlango uliofungwa, wanakwenda barabarani wawili.

Wanapanda pikipiki hadi njia panda. Wanapopata gari la Bunda, Machage anakaa dirishani, mkono wa kulia ameuweka mapajani, kiganja juu.

Wiki hii yuko tena machinjioni. Matundu yamepungua, ingawa Amini anasema hilo ni kwa sababu ng'ombe wenyewe ni wakubwa. Upasuaji ni mwezi ujao. Ukishafanyika, mshipa utahitaji wiki kadhaa za kunenepa kabla ya kutobolewa, na Safina ameshasema safari hii koti atalivua mlangoni yeye mwenyewe, hata kama mvua inanyesha ndani ya wodi.

Akiulizwa mpango wake, Machage hatengenezi maneno. Anataka kuchuna kwa kushoto mpaka mnunuzi asiweze kutofautisha. Anataka Naomi amalize shule. Halafu anafika kwenye lile analolifikiria kweli.

"Ukikomaa nitaenda Butiama," anasema. "Nitamwomba aweke kiganja chake hapa, ausikie unavyotetemeka. Hajawahi kuusikia. Ule wa kwanza aliufunga tu, hakuusikia. Asipotoka, nitakaa mlangoni."

"Na akikataa kabisa?" Yuliana anamuuliza. Yuko mbele ya meza yake ya nyanya, anazipanga upya bila sababu.

Machage anafikiri. Anaugeuza mkono wa kulia, anautazama mshipa ambao bado ni mwembamba na hauna sauti yoyote.

"Basi atakuwa amenikasirikia nikiwa hai," anasema. "Angenifunga nikafa, angenililia mpaka anifuate. Kati ya hayo mawili, mimi nachukua hasira yake."